Msaada Unaojua Kuondoka: Mwongozo Kamili wa Kumwandaa Mwanafunzi wa Sekondari Mwenye Ulemavu kwa Masomo na Kazi

Nilimfundisha kijana mmoja aliyefika mwaka wa mwisho wa sekondari bila kuwahi kupanga mkoba wake mwenyewe. Anatumia kiti cha magurudumu, mikono yake ina nguvu na akili yake ni kali. Lakini tangu shule ya msingi alikuwa na msaidizi aliyempangia madaftari, akamwombea ruhusa kwa walimu na kumkumbusha siku za mitihani. Sote tulimpenda, na sote tulimsaidia. Alipopata nafasi ya kujaribu kazi ofisini, siku ya pili alikaa saa nzima bila kufanya lolote: karatasi zilikuwa zimeisha kwenye mashine ya kuchapisha, na hakujua kwamba ni yeye aliyepaswa kuomba nyingine. Kazi yenyewe aliiweza vizuri. Kuomba karatasi ndiko ambako hatukuwahi kumfundisha.

Tangu hapo, kila msaada ninaompa mwanafunzi nauuliza swali moja: utaondokaje?

Nisieleweke vibaya. Upo msaada usioondoka, wala haupaswi kuondoka. Fimbo nyeupe, kiti cha magurudumu, mkalimani wa lugha ya alama, programu inayosoma skrini kwa sauti: hivyo ni vyombo vya kazi, kama miwani ilivyo kwa mwingine. Msaada unaopaswa kuondoka ni ule wa mtu anayefikiri, anayekumbuka na anayesema kwa niaba ya mwanafunzi. Kiziwi atahitaji mkalimani maisha yake yote, lakini anayempigia mkalimani simu, anayempangia muda na kumwambia asimame wapi anapaswa kuwa kiziwi mwenyewe.

Mwongozo huu nimewaandikia walimu, wazazi na walezi, na mwanafunzi mwenyewe akiusoma itakuwa vizuri zaidi. Anzeni mapema, mwaka wa kwanza wa sekondari ikiwezekana. Miezi sita ya mwisho haitoshi kumfundisha mtu kujitegemea.

Hatua ya 1: Mjue mwanafunzi kabla ya kutazama faili lake

Jina la ulemavu halikuambii mengi. Wanafunzi wawili wenye usonji (otizimu) wanaweza kutofautiana kuliko mmoja wao anavyotofautiana na jirani yake asiye na ulemavu wowote. Kwa hiyo chukua wiki mbili umtazame akiwa darasani, mapumzikoni, maktabani, na kama inawezekana nyumbani. Andika anachokifanya, kwa maneno ya vitendo. "Ni mvivu wa hesabu" halikufai kitu. "Anafanya maswali manne ya kwanza vizuri, kisha anaanza kuchora pembeni ya daftari" linakufaa, kwa sababu sasa unajua tatizo linaanza wapi.

Gawa karatasi sehemu nne: anachofanya peke yake, anachofanya akikumbushwa, anachofanya akishikwa mkono, na asichofanya kabisa. Sehemu ya pili ndiyo dhahabu. Yale anayoweza akikumbushwa ndiyo yatakayokuwa yake kwanza, na huko ndiko utakakowekeza nguvu muhula huu.

Ongeza ukurasa wa anavyovipenda, nawe uuandike kwa makini kama ule wa matatizo. Nani anamfurahisha? Ni kazi gani akiianza haachi? Anapenda kelele au ukimya, kusimama au kukaa, watu wengi au mtu mmoja? Majibu haya utayahitaji wakati wa kutafuta kazi, na ukisubiri mpaka wakati huo utakuwa umechelewa.

Kisha kaeni kikao, mwanafunzi akiwemo. Nimehudhuria vikao vingi ambamo watu wazima sita wanajadili maisha ya kijana aliye nje ya mlango. Mwiteni. Aanze yeye kuzungumza, hata kama anazungumza kwa picha, kwa ishara au kwa kifaa cha sauti. Malengo ya mwaka yasizidi matatu, na moja kati ya hayo alichague mwenyewe.

Hatua ya 2: Afundishwe kuieleza hali yake

Hii ndiyo stadi inayopuuzwa kuliko zote, na kwangu ndiyo inayobeba nyingine. Shuleni watu wanajua anachohitaji kwa sababu mama alikuja kueleza. Chuoni na kazini mama haji.

Mfundishe kutumia sentensi tatu. Ya kwanza inasema hali yake inafanya nini, bila jina la kitaalamu: "Macho yangu hayaoni maandishi ya ubaoni." Ya pili inasema anachohitaji: "Nahitaji maandishi hayo kwenye faili nisome kwa simu yangu." Ya tatu inampa msikilizaji njia rahisi: "Unaweza kunitumia kabla ya kipindi, au mwenzangu akapiga picha nami nikaikuza." Sentensi ya tatu ndiyo inayofungua milango, maana wengi wanaokataa hawana roho mbaya, hawajui tu waanzie wapi.

Aziandike, azikariri, azifanyie mazoezi mbele yako. Mazoezi ya kwanza, wewe ukubali. Ya pili, ujifanye una haraka. Ya tatu, ukatae: "Hapana, hapa kila mtu anasoma ubaoni." Mfundishe kubaki mtulivu, kurudia ombi mara moja, kuuliza nani mwingine anaweza kusaidia, na kuondoka kwa heshima akijua atakwenda kwa nani. Baada ya hapo akamjaribu mwalimu mpole, kisha mwalimu mgumu. Asiyezungumza kwa mdomo awe na kadi au ujumbe uliohifadhiwa kwenye simu wenye sentensi hizo hizo.

Ajue pia kwamba anachoomba ni haki yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi. Ibara ya 24 inahusu elimu, na ya 27 inahusu kazi. Kijana anayelijua hilo huomba bila kunyenyekea kupita kiasi, na bila ukali pia.

Hatua ya 3: Ondoa vizuizi kwanza, mbinu za kusoma baadaye

Hakuna mbinu ya kusoma itakayomfaa mtu asiyekifikia kitabu. Kanuni yangu hapa ni kubadilisha njia na kuacha lengo lilivyo. Kama lengo la kipindi ni kueleza sababu za mmomonyoko wa udongo, mwanafunzi anaweza kuzieleza kwa sauti, kwa lugha ya alama, kwa kuchapa au kwa mchoro. Akipewa swali jepesi zaidi kwa kuhurumiwa, amenyimwa somo.

*Viziwi na wenye usikivu hafifu.* Walimu wengi husahau kwamba kwa kiziwi macho yanafanya kazi mbili. Hawezi kumtazama mkalimani na kuandika kwa wakati mmoja. Mpatie mwenzake anayeandika vizuri amnakilie madaftari, na mwalimu atulie kidogo kila anapoonyesha mchoro, ili autazame kwanza ndipo arudi kwa mkalimani. Mwalimu asizungumze akiwa ameupa ubao uso. Mkalimani asisimame mbele ya dirisha lenye mwanga mkali, kwani mikono inageuka vivuli. Kipindi kikiwa kirefu wakalimani wawili wapokezane, maana akili ya mkalimani huchoka kabla ya mikono. Tena kumbuka kwamba kwa wengi wao lugha ya alama ndiyo lugha ya kwanza, na maandishi ni lugha ya pili. Mpe istilahi za mada mpya siku moja kabla, akubaliane na mkalimani ishara zake. Ukimwona anaandika sentensi zilizopinda, usidhani mawazo yake nayo yamepinda.

*Wasioona.* Mpe faili la maandishi, si picha ya ukurasa. Picha haisomwi na programu ya kusoma skrini mpaka igeuzwe kuwa maandishi. Faili liwe na vichwa vya habari vilivyowekwa kama vichwa vya habari, kwa sababu msomaji huruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine kwa kubonyeza herufi moja, kama wewe unavyopitisha macho haraka. NVDA ni programu ya bure ya kusoma skrini kwa kompyuta za Windows. Simu za Android nyingi huja na TalkBack, na iPhone ina VoiceOver ndani yake, zinazofanya kazi hiyo hiyo. Afundishwe kuchapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama, mapema kabisa. Stadi hiyo peke yake imewafungulia wengi ajira. Wala msiache nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, kwa sababu simu inasoma. Mfumo huo wa nukta sita, aliouchapisha Louis Braille mwaka 1829, ndio unaomwonyesha mwanafunzi tahajia, alama za uandishi na mpangilio wa hesabu, mambo ambayo sikio haliyapati vizuri. Naye mwalimu aache kusema "ukizidisha hii na ile" akinyoosha kidole ubaoni. Ataje namba.

Wakutubi wa shule waujue Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013. Katika nchi zilizojiunga nao, taasisi zilizoruhusiwa zinaweza kutengeneza nakala za vitabu katika nukta nundu, sauti au maandishi makubwa, na kuzipeleka nchi nyingine, bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki.

*Wenye uoni hafifu, wakiwemo wengi wenye ualbino.* Herufi za ukubwa wa pointi 18 ni mahali pazuri pa kuanzia, kisha muulize mwenyewe. Karatasi isiwe ya kung'aa. Wengine wanaumizwa na mwanga, kwa hiyo kumweka dirishani ukidhani unamsaidia kunaweza kumfanya afumbe macho kipindi kizima.

*Wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kutahajia.* Wasikilize kitabu huku wakifuatisha maandishi kwa macho. Wasilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya darasa bila kujiandaa. Katika jaribio la historia, sahihisha historia.

*Wenye ulemavu wa viungo.* Muda wa ziada wa mtihani, mara nyingi robo au nusu ya muda wa kawaida, huonekana kuwa jibu la kila kitu. Si hivyo kwa kila mtu. Mwenye mtindio wa ubongo anayepambana na misuli inayokaza anaweza kuchoka zaidi kadiri mtihani unavyorefuka. Pengine anahitaji mapumziko, au mwandishi anayeandika anachoambiwa. Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu siku nzima na mwili wake hauhisi vizuri anahitaji kujiinua au kuegemea upande mara kwa mara, ili asipate vidonda vya mgandamizo. Mwalimu akilijua hilo hatamwambia atulie.

*Wenye usonji.* Ratiba iandikwe, na mabadiliko yatangazwe kabla. Maagizo yawe na vitu vinavyohesabika: "jitahidi zaidi" halisemi kitu, "andika sababu tatu" linasema.

Wapo pia wenye kifafa, selimundu, kisukari au maradhi ya afya ya akili, ambao ulemavu wao hauonekani na hukosa masomo mara kwa mara. Kwao panga mapema nani atawatunzia maandishi na kazi ipi itasamehewa.

Kifaa chochote atakachotumia kwenye mtihani akizoee miezi mingi kabla. Nimeona mwanafunzi akipewa kompyuta siku ya mtihani kwa mara ya kwanza, na saa nzima ya kwanza ikaishia kwenye kibodi.

Hatua ya 4: Stadi za kusoma zinazofuatana na mtu mpaka kazini

Anza na muda. Kalenda moja tu, ya karatasi, ya simu, ya nukta nundu au ya picha, na kila kitu kiingie humo. Wanafunzi wengi wenye matatizo ya umakini au kumbukumbu wanajua vizuri kazi ni ya lini. Kinachowashinda ni kujua waianze lini. Kwa hiyo kalenda iwe na tarehe za kuanza pia. Insha ya baada ya siku 14 igawanywe hivi: siku ya 1 na ya 2 kulielewa swali na kulisema upya kwa maneno yake, siku ya 3 hadi ya 6 kusoma na kukusanya hoja, siku ya 7 kupanga hoja, siku ya 8 hadi ya 10 kuandika bila kusahihisha, siku ya 11 kupumzika, siku ya 12 kusahihisha, siku ya 13 kumsomea mtu mwingine. Siku moja ya mwisho ibaki tupu kwa ajili ya dharura, na kwa kijana mwenye maradhi ya kudumu ziwe mbili au tatu.

Mara ya kwanza mgawanye pamoja. Mara ya pili agawanye yeye, nawe utazame. Mara ya tatu akuletee tu aliyogawa.

Kuhusu kukumbuka, mbinu yenye nguvu ni ile isiyopendwa: kufunga kitabu na kujiuliza. Kusoma ukurasa ule ule mara tano kunampa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo hutoweka kwenye chumba cha mtihani. Afunge kitabu, aseme au aashirie alichokumbuka, afungue, alinganishe. Arudie kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Asiyeandika kwa urahisi ajirekodi maswali kwenye simu na kuacha kimya cha kujibu. Kiziwi ajirekodi kwa video akiashiria. Mwenye ulemavu wa akili atumie kadi za picha, chache, na vipindi vya dakika kumi.

Kupumzika kupangwe kama kazi nyingine. Dakika 25 za kusoma na 5 za kupumzika zinawafaa wengi, lakini wapo wa dakika 12. Hakuna aibu katika 12.

Hatua ya 5: Vunja kazi vipande, kisha jiondoe

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo walimu wazuri wanapokosea kwa wema wao.

Chukua kazi moja halisi, tuseme kupokea vitabu vilivyorudishwa maktabani. Ifanye wewe kwanza huku ukiandika kila tendo. Kuchukua kitabu cha juu kwenye rundo. Kukagua kama kurasa zimechanika. Kutafuta jina la aliyeazima kwenye daftari. Kuandika tarehe ya leo mbele ya jina. Kusoma namba ya mgongoni mwa kitabu. Kutafuta rafu yenye namba hiyo. Kukiweka, mgongo ukiwa nje. Kurudi mezani. Mpe mwenzako orodha hiyo aifuate neno kwa neno, utashangaa ulichosahau. Mimi karibu kila mara nasahau kipande cha "kitu kikiwa si cha kawaida": kitabu kisicho na namba, jina lisiloonekana. Kipande hicho kina jibu lake, nalo liandikwe: weka pembeni, mwite mkutubi.

Sasa amua uanze upande gani. Kwa anayekata tamaa upesi, anza mwishoni. Wewe fanya vipande vyote isipokuwa cha mwisho, akimalize yeye. Kila mara anaondoka akiwa ndiye aliyekamilisha kazi. Kesho afanye viwili vya mwisho, na kuendelea kurudi nyuma. Kwa anayependa mpangilio, anza mwanzoni.

Akikwama, panda ngazi hii polepole, ukianzia chini. Kwanza nyamaza, hesabu mpaka tano kimoyomoyo. Sekunde tano ni ndefu mno kwa mwalimu, lakini ndani yake ndimo mwanafunzi anamofikiri. Asipoanza, uliza: "Nini kinafuata?" Kisha onyesha kwa kidole orodha yake. Kisha mwambie. Kisha mwonyeshe kwa vitendo. Kumshika mkono kuje mwisho, kwa ruhusa yake, na kwa asiyeona mpe yeye ashike mkono wako, ahisi unavyofanya, badala ya wewe kumshika wake na kumwendesha.

Andika kila siku, mbele ya kila kipande, herufi moja: P kwa peke yake, K kwa kukumbushwa, O kwa kuonyeshwa. Baada ya wiki karatasi itakuonyesha kipande kimoja au viwili vinavyokwamisha kazi nzima, na mara nyingi dawa yake ni kubadilisha mazingira: namba za rafu ziandikwe kubwa, au daftari lipangwe kwa alfabeti.

Kumbusho la sauti yako ndilo gumu kuliko yote kuliondoa. Mwanafunzi huzoea kusubiri useme. Kwa hiyo ligeuze mapema liwe kitu chake mwenyewe: orodha ya picha mfukoni, kengele ya simu, maelekezo aliyojirekodi. Halafu jiondoe kwa hatua: siku tatu mfululizo akifanya kipande peke yake, rudi nyuma mita moja. Kisha kaa upande wa pili wa chumba. Kisha toka nje. Kisha mtu mwingine asimamie, katika chumba kingine, kwa daftari tofauti kidogo. Anayeweza kufanya kazi mbele yako tu bado hajaiweza.

Hatua ya 6: Shule iwe kazi ya kwanza

Kabla ya kutafuta mwajiri, mpe wajibu shuleni wenye uzito wa kweli, yaani ambao usipofanyika kuna mtu ataona. Kuhesabu vifaa vya maabara. Kupokea wageni. Kutunza orodha ya mahudhurio ya klabu. Kurekebisha kompyuta. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimeona mara nyingi mno wanafunzi wenye ulemavu wa akili wakipewa ufagio na hakuna kingine, mwaka hadi mwaka, kana kwamba kipaji chao kimekwisha kuamuliwa. Kufagia ni kazi ya heshima. Kupewa kufagia tu bila kuulizwa ni jambo jingine.

Katika wajibu huo fundisha yale ambayo waajiri huyalalamikia zaidi kuliko ustadi wenyewe: kufika kwa wakati, kutoa taarifa ukichelewa, kusema "nimemaliza, nifanye nini sasa?", kuomba msaada kabla mambo hayajaharibika, na kupokea masahihisho bila kuvunjika. La mwisho lina mazoezi yake. Mwambie kosa moja kwa utulivu, naye ajibu kwa maneno mawili: "Nimeelewa, nitarekebisha." Kisha arekebishe papo hapo. Wanafunzi wenye ulemavu husifiwa sana kwa mambo madogo, na wengi hufika kazini wakiwa hawajawahi kusahihishwa na mtu asiyewapenda.

Hatua ya 7: Aonje kazi, zaidi ya moja

Rudi kwenye ule ukurasa wa anavyovipenda. Tafuta kazi tatu tofauti kabisa zinazogusa mambo hayo, na mpangie kuzionja: ziara ya saa mbili kwanza, kisha siku chache za kumfuata mfanyakazi, kisha wiki mbili au zaidi za mafunzo kwa vitendo. Baada ya kila moja ajibu: nini kilinifurahisha, nini kilinichosha, nani alinisaidia, nikirudi nibadilishe nini? Akisema "sipendi", hilo ni jibu zuri. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kijana aliyekataa kazi mbili kwa sababu anazoweza kuzitaja anajua zaidi kuliko aliyekubali ya kwanza kwa sababu hakupewa nyingine.

Ukienda kwa mwajiri, usiombe huruma. Huruma huchoka baada ya wiki moja. Omba kuonyeshwa kazi zinazofanyika pale kwa siku, kisha tafuta zile zinazorundikana kwa sababu hakuna mwenye nafasi ya kuzifanya: kuingiza takwimu, kufungasha, kukagua ubora, kujibu barua pepe. Mara nyingi nafasi ya kijana hupatikana kwa kukusanya vipande hivyo kutoka meza za watu wengine, nao wakabaki na muda wa kazi zao kubwa. Mweleze mwajiri vitu vitatu: anachoweza, marekebisho gani yanahitajika, na nani atakayepigiwa simu mambo yakikwama.

Kama kuna msaidizi wa kazi atakayekwenda naye, kazi yake ya kwanza iwe kumtafuta mfanyakazi wa pale pale aliye tayari kuwa wa kuulizwa. Siku za kwanza msaidizi akae karibu, wiki ya pili afike asubuhi na jioni tu, kisha mara moja kwa wiki, kisha kwa simu. Mwajiri aambiwe ratiba hiyo tangu mwanzo.

Hatua ya 8: Wasifu, usaili na swali la kuutaja ulemavu

Wasifu uwe ukurasa mmoja, na wajibu wa shuleni uingie humo kama kazi: "Nilipokea na kurudisha rafuni vitabu vya maktaba kwa miezi sita." Anayeona ugumu wa kujieleza kwa maneno apeleke mfuko wa kazi zake, au video fupi akifanya kazi. Katika usaili aombe mapema anachohitaji: mkalimani, maswali kwa maandishi, chumba kinachofikika kwa kiti cha magurudumu. Aombe pia, inapowezekana, kuonyesha kazi badala ya kuieleza.

Je, aseme ana ulemavu? Uamuzi ni wake, wala usimlazimishe upande wowote. Ulemavu unaoonekana nashauri autaje mwenyewe kwa sentensi mbili, ili msaili asitumie nusu saa akijiuliza: "Sioni, natumia kompyuta yenye programu ya sauti. Kwa kazi hii nitafanya hivi." Usioonekana anaweza kuunyamazia mpaka atakapohitaji marekebisho, isipokuwa pale usalama unapohusika. Mwenye kifafa anayepangiwa kazi ya kupanda juu au ya mashine zinazozunguka aseme, na awaeleze wenzake la kufanya akipata degedege: wamlaze ubavu, waondoe vitu vigumu karibu, wasimtie kitu mdomoni, waangalie saa. Likizidi dakika tano waite msaada wa dharura.

Hatua ya 9: Safari, fedha na usalama

Kazi nyingi hupotea njiani. Njia ya kwenda na kurudi ifundishwe vipande vipande kama ile kazi ya maktaba, ikiwemo la kufanya akipotea au simu ikizima. Afundishwe kuusoma mkataba au kusomewa na mtu anayemwamini kabla ya kutia saini, na ajue mshahara wake ni kiasi gani, unalipwa lini na unaingia wapi. Mafunzo yawe na tarehe ya mwisho. Kijana anayefanya kazi ya mtu mwenye mshahara miezi na miezi bila malipo ananyonywa, hata kama kila mtu anasema "angalau ana pa kwenda".

Ajue mipaka ya mwili wake pia: nani anaruhusiwa kumgusa wakati wa kumsaidia, na wapi. Ajue neno au ishara ya kukataa, na watu wawili wa kuwaambia. Wazazi wengi huliepuka jambo hili kwa kuona kijana wao bado mtoto. Wanaowanyanyasa vijana hawa hawawaoni hivyo.

Hatua ya 10: Kabidhi faili kwa mwenyewe

Mwaka wa mwisho, faili la mwanafunzi lihame kutoka kabati la shule kwenda mikononi mwake. Liwe na vyeti, barua ya daktari inayoeleza hali na mahitaji, orodha ya marekebisho yaliyomfaa na yasiyomfaa, wasifu, majina ya watu wawili watakaomdhamini, na zile sentensi tatu za hatua ya pili, zilizoandikwa upya kwa umri wake wa sasa. Nakala ya kidijitali ibaki kwenye simu yake katika muundo anaoweza kuusoma bila kumwita mtu.

Kisha mpe kazi ya mwisho ya shule: apige simu au aandike barua pepe kwa chuo au mwajiri, ajitambulishe, aombe anachohitaji na apange siku ya kufika. Wewe kaa chumba cha pili. Akikuita, hesabu mpaka tano kabla ya kuinuka.